Binti Yangu Anajinyofoa Nywele, Baba Yake Anataka Alama

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na nakusihi usiniambie nisubiri, maana Jumamosi iko karibu na mimi niko kama mtu aliyeshika kaa la moto hana pa kulitua. Mimi ni msusi, nina saluni ndogo jirani na duka la dawa, na mume wangu anafundisha hesabu katika shule ya kimataifa, zile shule ambazo mtoto hasomi ili afaulu tu, anasomea kwenda ng'ambo, na kwa kuwa baba yake ni mwalimu pale binti yetu wa pekee amesoma hapo tangu darasa la kwanza, na tangu akiwa mdogo baba yake humwita Profesa, jina likashika, hata mimi mitaani naitwa Mama Profesa.

Mshauri, shule ile ukiingia tu unakutana na ramani ya dunia ukuta mzima, imebandikwa picha za wanafunzi waliomaliza, kila mmoja pale chuo chake kilipo, na wazazi tukiitwa kikaoni na watoto wetu tunakalishwa mbele ya ramani hiyo hiyo, mwalimu anayewasaidia watoto kuomba vyuo anatueleza kwa upole kwamba kila mtoto awe na vyuo vya ndoto, vyuo vya saizi yake na vyuo vya akiba, mume wangu akanyoosha mkono akasema, "Wangu hana haja ya chuo cha akiba," watu wakacheka, nami nikacheka, binti yangu akainama akajifanya anafunga kamba za viatu. Na sitakuficha, nami nilivimba kichwa, kule saluni nimeshawatangazia wateja kwamba mwakani nampeleka mtoto uwanja wa ndege, sasa kila anayekaa kitini ni "Mama Profesa, mtoto anaondoka lini?"

Mitihani ya majaribio ilipokaribia mtoto akaanza kufunga kitambaa kichwani, nje na ndani, nikamuuliza akasema wasichana wote wanafunga, nikaamini, mpaka Jumapili moja nilipomkalisha kati ya magoti yangu nimsuke, nikatenga nywele kwa kitana nyuma ya sikio nikakuta ngozi tupu, laini kama kiganja. Nikadhani ni mapunye, nikatazama vizuri, pembeni kulikuwa na vinyweleo vimekatika, vingine vifupi vingine virefu.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Ni mimi, mama. Nikisoma mkono unakwenda wenyewe. Nikishtuka nakuta nywele ziko mezani."

"Hesabu zimekushinda? Huzitaki tena?"

"Hesabu nazipenda. Nisichokiweza ni uso wa baba anapofungua matokeo."

Akaniapisha nisimwambie baba yake, nikaapa, nikamsuka mistari ya kulalia upande ule pengo lisionekane. Wiki iliyofuata, katikati ya mtihani wa fizikia, akainuka akatoka, wakamkuta chooni amekaa sakafuni anahema kama aliyekimbizwa, baba yake yuko darasani, muuguzi wa shule akanipigia simu mimi, nami nikasema ni tumbo, amekula kiporo. Baba yake alipotoka kazini akamuuliza, "Profesa, tumbo vipi?" akampa pole ya kweli kabisa, kisha akamfungulia kitabu, akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuanzia siku ile wanasoma pamoja kila wakitoka mezani.

Sasa Jumamosi kuna mahojiano na mhadhiri wa chuo kikubwa, watazungumza kwa kompyuta, mume wangu amehamisha televisheni, ametundika pazia jipya nyuma ya kiti, ndugu zake wote wameambiwa, mama mkwe anaomba dua asubuhi na jioni, na mtoto amekonda, chakula anakizungusha tu sahanini, pengo la pili limetokea utosini, juzi akaniambia anatamani alale asiamke mpaka haya yote yapite, na mimi nasuka nafunika, nasuka nafunika, mitindo ya kufunika inakaribia kuniishia. Nikimwambia baba yake nimevunja kiapo na mtoto hataniamini tena, nikinyamaza naogopa. Na mume wangu si mtu mbaya, mshauri, usije ukamchora vibaya gazetini, ni baba anayempigia mtoto pasi sare mpaka leo, ila siku moja aliniambia, "Wenzangu wote watoto wao wamekwenda. Wangu akibaki, chumba cha walimu nitaingia na uso gani?" Nifanye nini? Namba yangu ya simu iko hapo chini.

Msusi asiyelala

---

Mama Profesa,

Pole sana. Nimekupa pole kwanza kwa sababu yanayofuata si matamu.

Umeniandikia habari za pazia, televisheni, ramani na mistari ya kulalia, na katikati ya hayo, kama mtu anayepita njia kwa haraka, ukachomeka kwamba mtoto anatamani alale asiamke. Mama, hilo ndilo ulilopaswa kuanza nalo! Gazeti hili linatoka mwisho wa wiki, nami sikungoja. Nilikupigia siku ile ile barua ilipofika. Ulipokea draya ikivuma, nikakwambia muache mteja utoke nje. Tuliyozungumza nayachapisha kwa ruhusa yako na ya binti yako, kwa sababu najua hamko peke yenu.

Nilikuuliza, "Amewahi kusema anataka kufa?" Ukasema, "Sijathubutu kumuuliza." Nikakwambia umuulize akitoka tu shuleni, kwa maneno hayo hayo, bila kuzungukazunguka. Kumuuliza mtoto hakumtii wazo kichwani. Kunampa ruhusa ya kusema alicho nacho. Na akijibu ndiyo, hospitali hapo hapo, mkono kwa mkono, mahojiano yakae pembeni.

Ukanishikia kiapo chako. Sikiliza. Binti akikwambia kuna kijana anampenda, hiyo siri itunze mpaka uzeeni. Binti anayejiumiza hana siri, ana maradhi, na wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua. Sikukuambia umvizie, hata hivyo. Nilikwambia umweleze yeye kwanza: niliapa kwa woga, nilikosea, leo baba atajua, utakuwepo au utakaa chumbani, chagua mwenyewe.

Halafu umembebesha mumeo mzigo wote peke yake, na hilo silikubali. Nani alicheka kikaoni? Nani aliyewatangazia wateja habari za uwanja wa ndege? Yule muuguzi alikuwa mtu wa kwanza aliyeweza kumsaidia mwanao, wewe ukamfungia mlango kwa kiporo.

Jana ukanipigia. Ulimuuliza. Akasema hataki kufa, amechoka, anataka kupumzika mahali ambapo hakuna anayemsubiri afaulu. Mkalia wote wawili. Akachagua kuwepo. Baba alipoingia, mtoto akavua kitambaa kwa mkono wake mwenyewe.

Mumeo akatazama. Akauliza, "Tangu lini?" Ukamwambia. Hasira zake hazikwenda kwa mtoto, zilikuja kwako: "Mtoto anaumwa ndani ya nyumba yangu, na wewe unaniacha namfungulia vitabu?" Akatoka, akakaa ndani ya gari bila kuliwasha. Aliporudi alikaa kando ya binti yake, akauliza neno moja:

"Mimi?"

"Wewe, baba. Na mimi pia."

Asubuhi alimwandikia mhadhiri yeye mwenyewe kwamba mtoto anaumwa, na jibu likaja kabla ya mchana: apone kwanza, siku nyingine itapatikana. Nyumba nzima ilikuwa inatetemeka kwa ajili ya jambo ambalo mtu wa upande wa pili hakuona shida kulisogeza.

Unasema mumeo hazungumzi nawe, anakujibu ndiyo na hapana tu. Vumilia. Amefichwa jambo la mwanawe wa pekee, ana haki ya kununa kidogo. Mpelekee chai, usimpelekee hotuba.

Lakini msijidanganye kwamba yamekwisha. Kujinyofoa nywele ni maradhi yanayojulikana, yana matibabu, si wazimu wala si uchawi, na shangazi yeyote atakayesema ni jicho la watu mshukuru kisha endelea na safari ya hospitali. Nendeni wote watatu, Jumatatu, mkaombe mtaalamu wa mambo ya akili na hisia anayezoea vijana. Muuguzi wa shule mwambie ukweli, umwombe radhi. Yule mwalimu wa vyuo mrudieni, mkae naye binti akiwa katikati, na hivyo vyuo vya akiba viandikwe. Mtoto akijua kuna mlango wa pili, hata ule wa kwanza ataugonga bila woga. Wateja wakiuliza anaondoka lini, jibu, "Bado yuko nyumbani kwao," kisha uwaulize wanataka mtindo gani.

Na wewe, mwalimu, najua unasoma hapa. Ni kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame, ila sijasikia popote walipomtaka avunjike mgongo. Masomo ya baada ya chakula yasimame. Akihitaji msaada wa hesabu, mwenzako mmoja amsaidie mchana. Walimu anao wengi mtoto huyu, baba anaye mmoja. Na chumba cha walimu ingia na uso huo huo ulio nao, ukiulizwa sema, "Mwanangu anaumwa, tunamuuguza." Utashangaa ni wangapi watavuta kiti wakae karibu nawe waanze kueleza ya kwao.

Mama, uliniambia kwenye simu kwamba mtoto bado anataka kuomba chuo, na bado anapenda hesabu, ila kila mara anakuuliza, "Nikifeli je?" nawe unamjibu, "Hutafeli, mwanangu." Acha jibu hilo kuanzia leo. Unadhani unamtia moyo, kumbe unamwambia kwamba kufeli hakuruhusiwi. Akikuuliza tena, mjibu hivi: "Ukifeli utakuja nyumbani, utakula, utalala, na kesho yake tutakaa tufikirie pamoja." Mjibu baba yake akiwepo. Na baba yake aitikie, kwa sauti, mtoto amsikie.