Kifuniko cha Dereva

Jumamosi, 22 Februari

Boksi limefika. Hatimaye! Gari la deraya la plastiki, la kuunganisha vipande kwa gundi, aina ile ile aliyokuwa akiendesha Baba jeshini — magurudumu sita, pua fupi, kifuniko cha dereva juu mbele. Vipande vyote vimo, nimevihesabu nikiwa bado nimevaa viatu.

Lakini limechelewa. Alhamisi Baba anapasuliwa jicho. La kushoto lilishakufa zamani, limebaki hili moja, nalo linaona katikati tu, pembeni giza. Daktari wa macho hakuficha kitu. Wanapasua ili kulinda kilichobaki, ila mara nyingine hicho hicho ndicho hupotea. Nataka alione gari lake kabla ya hapo. Alione, si alipapase.

Mke wangu kachungulia chumba cha nyuma, kauliza kama nimerudia makopo yangu ya rangi. Nikamwambia hili ni la Baba. Hakunitania tena, kafunga mlango taratibu.

Jumapili, 23 Februari

Rangi. Rangi itaniua. Nina vitabu viwili vya picha za magari ya vita na vinagombana kama mawifi. Kimoja kinasema kijani kibichi, kingine kinasema kijani chenye kahawia ndani yake. Nimechanganya, nimepaka kwenye migongo ya vijiko vya plastiki, nimevipanga dirishani. Kila kijiko ni cha kweli mpaka nitazame cha jirani yake.

Dawa ni kumuuliza mwenyewe, yuko chumba cha pili anasikiliza mpira. Lakini nani atamuuliza? Tangu utotoni tunajua: Baba muulize chochote, jeshi usimuulize. Hata marehemu Mama hakuuliza.

Dada kapiga simu. Kasema namchokonoa mzee wakati mbaya kuliko wote, kwa nini nisimnunulie redio mpya kama watu wengine. Nikamjibu kwa ukali. Sasa nahofia kasema kweli. Je, Baba akiliona na asilitake? Nimechagua kijani chenye kahawia. Basi.

Jumatatu, 24 Februari

Kazini nimeharibu. Meno ya bandia ya mwalimu mmoja mstaafu, seti ya juu — nimeyasaga upande mmoja hadi yakawa yanacheka peke yake. Mwenye maabara kaniuliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Nikasema hapana. Halafu nikasema ndiyo.

Jioni nimempaka rangi dereva. Kisanamu chenyewe hakizidi kidole changu kidogo, kimekaa, mikono mbele kwenye usukani. Nimempa masharubu ya Baba, yale ya kwenye picha ya harusi. Fundi wa meno nimezoea vitu vidogo, lakini kwa masharubu yale nilibana pumzi. Nimemsimika juu ya kizibo cha chupa akauke. Anafanana naye! Kesho namweka kwenye kiti chake, kifuniko nakiacha wazi, kichwa kionekane.

Jumanne, 25 Februari

Mjinga. Mjinga mimi.

Nilikuwa na haraka. Nikapaka gundi ukingo mzima, nikafunika paa, nikalibana kwa vibanio vya nguo, nikanyanyua macho kwa furaha — na dereva yuko juu ya kizibo, ananitazama. Sikumwingiza.

Gundi hii haigandishi tu, inayeyusha plastiki na kufanya vipande viwili kuwa kimoja. Sote tunaounda vigari tunaujua mkosi huu, huwa tunachekana nao. Leo sicheki. Nimejaribu kumpitisha kwenye tundu la kifuniko: kichwa kinapita, mabega hayapiti. Nimejaribu kwa miguu. Nimejaribu kwa ubavu. Masharubu yamechubuka, nimeyapaka upya.

Mke wangu kaniletea chai, kanisikiliza, kisha kauliza kwa upole: si ukifunge hicho kifuniko, nani atajua kama ndani hakuna mtu? Maji yakimwagika hayazoleki. Nikakifunga, nikakigandisha kwa gundi. Nikapulizia rangi. Limependeza, sikatai. Dereva nimemtia mfukoni mwa shati.

Jumatano, 26 Februari

Nimempa jioni hii, jua likiwa bado dirishani. Nilisimama nyuma ya kiti chake kwa sababu sikuweza kumtazama usoni.

Alilishika kwa mikono miwili. Akalileta karibu na jicho, akawa analizungusha kidogo kidogo, maana haoni kitu kizima kwa mara moja. Gurudumu. Gurudumu. Taa. Kisha kasema rangi ndiyo hiyo hiyo, nani kaniambia? Nilitaka kulia.

Kidole chake kikapanda juu, kikafika kwenye kifuniko, kikasimama.

"Na mimi nimo?"

"Umo, Baba."

Nani aliyenituma! Lilinitoka lenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata mlangoni, maana kaniambia papo hapo: basi nifungulie.

Ndipo akasema. Miaka yote hii, na kasema leo. Kwamba amri ikitoka dereva anajifungia, anabaki na upenyo mwembamba wa kutazamia. Barabara inakuja kama utepe. Unasikia kila kitu, huoni kitu. Kasema alikuwa akiomba siku iishe ili afungue tu, hata kama nje kuna nini. Na kwamba sasa anaona vile vile, kupitia upenyo, miezi yote hii, hakutaka kutusumbua kwa kutuambia mpaka daktari alipolisema. "Kesho wananifunga jicho kwa bandeji, mwanangu. Huyu wa hapa mwache aone."

Nikasema gundi imekauka. Kasema mimi si fundi? Nifungue.

Kwa hiyo nimekata. Wembe wa kazini, ule mwembamba, nimeuzungusha ukingoni mwa kifuniko, upande mmoja, wa pili, wa tatu. Umebaki mmoja. Amekwenda chumbani kutafuta miwani yake na kaniamuru nisimalizie mpaka arudi. Naandika huku namngoja.

Dereva yuko hapa mezani. Mabega bado hayapiti. Nikimkata kiunoni atapita — watu hufanya hivyo, nusu ya juu ndiyo huonekana. Nimeweka wembe kiunoni mwake mara mbili na mara mbili nimeuondoa. Kumkata Baba yangu vipande viwili, leo, na kesho asubuhi tunampeleka kwa daktari! Siwezi. Nikiacha kiti kitupu, atainama na jicho lake moja na ataona kwamba hayumo, na kwamba nilimdanganya.

Kupitia ufa nakiona kiti cha dereva.

Droo zake zimeacha kugonga. Sasa kiganja chake kinaburuzika ukutani, anakuja. Mke wangu kamwambia angoje amshike mkono, kakataa. Anauliza toka huko koridoni, kwa sauti ya mtu anayetania na hatanii, kama dereva keshatoka.