Bakuli la Kapteni Thorley

Shropshire,
9 Novemba

Mdogo wangu mpendwa Philippa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, shemeji Edmund na huyo mgeni wenu mchanga. Miguu imeacha kuvimba? Mtoto analala, au anawanyima usingizi kama ulivyotunyima wewe? Sisi hatujambo, ila goti la Mama linamsumbua tangu baridi ianze, naye anawasumbua majirani.

Uliniomba nichimbue habari za babu yetu wa zamani, Kapteni Lucius Thorley, zisomwe Jumapili kwenye ubatizo. Kwamba alikuwa mtawala wa wilaya kaskazini mwa Nijeria tunajua. Ndiko alikotoa lile bakuli la shaba tunalobatizia watoto wote wa ukoo. Basi nilikwenda makaburini kulitafuta jiwe lake, nikalikuta limezungukwa na vijiwe vidogo. Kila kizazi kina Lucius wake, mtoto wa kwanza wa kiume, na karibu wote walikufa hata meno hawajaota. Wa mwisho ni huyu wetu, kaka yako aliyekutangulia. Unajua mimi si mtu wa mizimu, lakini nilirudi nyumbani mbiombio.

Jirani yetu mpya, Bi Hauwa, kwao ni mji uleule aliotawala Kapteni. Nikamwonyesha bakuli, nikamtania kwamba huenda babu yangu alimtoza kodi babu yake. Akasema basi nimrudishie na riba. Alikuwa bado anacheka alipoanza kusoma maandishi ya Kiarabu ukingoni. Mara akaliweka chini, akaomba maji ya kunawa. Aliniambia ni wakfu wa msikiti, bakuli la kuoshea maiti. "Kwani nyinyi mnalifanyia nini?" akauliza.

Nilipomweleza Mama, nilidhani atanicheka. Alilia. Kumbe alikuwa akiliogopa tangu amzike Lucius, ingawa hakujua kisa chake. Ulipozaliwa wewe, alimwita kasisi jikoni kwa siri, naye akakubatiza kwa bakuli la pudingi. Kanisani, mbele ya Baba na wageni, kasisi alikupaka kidole kikavu tu.

Nikamuuliza, na mimi je? Mama akaangalia dirishani. Akasema mimi nilizaliwa mapema, kabla hajajua kuogopa, nikabatizwa kwa bakuli lenyewe.

Philippa, sijawahi kukuambia kuhusu mimba zangu zilizoharibika. Sisemi ni bakuli. Nasema naogopa.

Jumapili msilitafute. Nimempa Bi Hauwa alirudishe kwao, na shemeji akitaka kufoka anifokee mimi. Mbatizeni mtoto kwa kikombe chochote, na nakusihi, msimwite Lucius. Uliniomba niwe mama yake wa ubatizo, nimbebe mbele ya kasisi. Nisamehe, mdogo wangu. Nitakaa kiti cha nyuma kabisa, na hata akilia, usiniletee nimpakate.

Mama anawasalimu sana. Msalimie Edmund, na umbusu mtoto kwa niaba yangu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Rosamund