Mizunguko Kumi na Minane

4 Machi

Mjomba, shikamoo.
Hatujambo, ila Mama bado anakohoa. Karakana inaendeleaje? Mashine zote mbili ulizonitengenezea zimefika salama. Nazungusha mpini mpaka gurudumu lichanganye kasi, nabonyeza swichi, umeme wote unamwagika kwenye koili ya waya kwa mpigo mmoja na kuirusha pete ya alumini iliyolala juu yake. Mashine yenye chuma ndani inaifikisha kifuani kwangu. Isiyo na chuma ni nyepesi, ina kasi zaidi, lakini pete inaruka kama chura mgonjwa. Mwalimu wa fizikia amesema pete isipogonga dari kufikia tarehe 30, nafasi yangu ya maonyesho anapewa mwingine.
Mpwa wako

9 Machi

Mpwa wangu, marahaba.
Mimi mzima, mgongo tu. Mwambie mama yako kaka yake anasema apunguze kubishana na jirani, kifua kitapona. Mashine bila chuma ni chai bila majani, nilikwambia. Tumia ya chuma.
Mjomba

12 Machi

Mjomba, shikamoo.
Mama amecheka mpaka akakohoa upya. Naomba usinikasirikie. Nimepima mara tano. Ile isiyo na chuma umeisuka kama mota ya pampu: waya mwembamba, mizunguko mia tatu. Pampu inataka umeme wa kutwa nzima. Pete inauhitaji wote kufumba na kufumbua. Waya ule unauchelewesha, kama shule nzima kutokea mlango mmoja. Nadhani waya mnene, mizunguko kumi na minane, unatosha. Nisamehe kukufundisha kazi yako.
Mpwa wako

20 Machi

Mjomba, shikamoo.
Hujajibu. Zimebaki siku kumi.
Mpwa wako

26 Machi

Mpwa wangu, marahaba, na ile ya kwanza pia.
Nilinuna siku mbili, nisiseme uongo. Miaka thelathini hakuna aliyewahi kuniambia nimezidisha waya. Kisha nikaanza kusuka, na mkono kwa mazoea ukagoma kusimama: mara mbili nimejikuta nimefika arobaini, nikafumua. Msuko mpya huu hapa kwenye mzigo, hesabu mizunguko mwenyewe. Nimeukaza kwa uzi na gundi usifumuke kwa kasi. Ukibonyeza, simama pembeni.
Mjomba

30 Machi

Mjomba, shikamoo.
Mama amepona, na jirani analijua hilo. Leo pete ya mashine ya chuma iliishia kifuani kama kawaida. Kisha nikaleta ile isiyo na chuma, yenye msuko wako mpya. Mwalimu, niliyemsimulia utani wako wa chai bila majani, akasema, “Haya, tuonje hiyo chai.” Pete sikuiona ikiruka. Tulisikia kishindo juu tu. Imetoboa dari na haijashuka mpaka sasa. Nafasi ni yangu.
Fundi wa shule alileta ngazi aje kuziba, Mwalimu akamzuia. Alipanda yeye, akalizungushia tundu duara la chaki, akaniuliza aandike jina la nani. Kwa hiyo dari la darasa letu sasa limeandikwa: Mjomba, mizunguko 18.
Mpwa wako