Babu, Tulikuzika na Kodiani ya Watu

Mwaka umetimia, Babu, tangu asubuhi ile ulipofumba macho redio ikiimba kando ya kitanda, na asipatikane mtu wa kuizima mpaka wimbo ulipokwisha.

Ulikula chumvi nyingi. Uliingia nchi hii ukiwa kijana mwenye begi moja, hujui hata kuomba maji kwa lugha ya huku. Ukapata kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, ukaifanya mpaka ukastaafu. Mvuke ule ulikupinda vidole lakini haukukupinda moyo. Uliwalea watoto wanne kwa pasi, na kila mmoja ulimfundisha kwamba shuka halikunjwi kimyakimya. Unaimba, mikono inafuata.

Nyumbani kila mtu alikuwa na mluzi wake. Ukisimama chini ya ngazi ukapiga mluzi wa mtu, mwenyewe alishuka hata kama yuko bafuni na povu kichwani. Bibi alikuwa na mluzi mrefu kuliko wetu sote, na hakuwahi kushuka. "Mimi si mbuzi," alikuwa akisema, nawe ukapanda kumfuata huku unacheka.

Wageni uliwapima kwa makofi. Mchumba akija kujitambulisha, hukuuliza kazi wala ukoo. Ulichukua kodiani, kile kinanda chako cha kukunja na kukunjua, ukapiga huku unamtazama mikono. Mume wa Shangazi alipiga makofi nje ya mdundo jioni nzima. Ulimkubali, lakini kabla ya kulala ulimpa bintiyo pole.

Sasa, Babu, tuna neno la kukuambia, na si neno la kujivunia. Mbebaji wake ni Shangazi, binti yako mkubwa, lakini sote tulimshikia mzigo.

Siku ya mazishi Shangazi ndiye aliyekuwa kamanda. Bibi alikuwa kalala chumbani, presha imempanda, hajiwezi. Shangazi akawa anagawa amri: nani apokee wageni, nani alie, nani sasa anyamaze, inatosha. Akaiona kodiani juu ya kiti chako. Akalia, akajifuta, akasema, "Baba haendi popote bila hii." Nani angembishia? Jeneza likakataa kufungika. Akalirudisha, akaagiza pana zaidi. Fundi wa majeneza akauliza kwa heshima zote kama marehemu amenenepa tangu jana. Tukamwambia afanye kazi yake.

Mzee Tanuri alikuwepo. Rafiki yako mliyesafiri naye safari moja, aliyeoka mikate ya mji huu miaka mingi mpaka jina alilopewa na mama yake likapotea. Alisimama mstari wa mbele, akaona kila kitu. Akavua kofia. Mdomo ukafunguka, ukafumba. Shangazi akamshika bega, akamwambia, "Lia tu, mzee wangu, usijizuie."

"Sawa, mwanangu," akasema.

Bibi alipopata nguvu akaja sebuleni, akatazama kile kiti.

"Kodiani iko wapi?"

"Tumemzika nayo Baba," Shangazi akajibu, kwa sauti ya mtu anayesubiri kusifiwa.

"Kodiani ya nani?"

"Si ya Baba?"

"Nusu ni ya baba yako," Bibi akasema. "Nusu ya pili mmeizika ilhali mwenyewe yu hai, anatembea."

Ndipo tulipopata kujua, Babu, mambo ambayo mjukuu yeyote angeyajua kama angeuliza. Mlipofika mlipanga chumba kimoja chenye kitanda kimoja. Wewe ulikilalia usiku, Mzee Tanuri akirudi kutoka kuoka alikilalia mchana, na shuka halikupata kupoa. Kodiani mkainunua kwa mtindo huohuo: wiki hii kwako, wiki ijayo kwake. Mkaoa, mkahama, mkazeeka, zamu ikabaki palepale.

Sisi tulimwona akija kuichukua, tukadhani anaazima. Tulimpa jina huku nyuma. Tulimwita Bwana Naomba. Shangazi aliwahi kumwambia pale mlangoni, mbele ya wageni, "Mzee, nawe si ununue ya kwako?" Bibi anasema ulitaka kuinuka, Mzee Tanuri akakukonyeza ukae. Akajibu, "Nitanunua, mama, nikikua." Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Leo tukikumbuka kicheko kile tunatamani ardhi ipasuke.

Baada ya hapo Shangazi akawa mtu wa vichochoro. Mzee Tanuri anakaa juu ya duka la mikate, basi mkate ukaanza kununuliwa mtaa wa tatu. Akimwona anakuja, hugeukia ukuta akajitia kusoma matangazo. Siku moja alisoma tangazo la kinyozi wa kiume kwa makini hata kinyozi akatoka kumwuliza anataka mtindo gani.

Alifikiria pia kukufukua. Hatukufichi. Alikwenda kwa mtunza makaburi, akamwuliza, "Kuna utaratibu gani, kwa mfano, mtu akisahau kitu?"

"Kitu gani, mama?"

"Kinanda."

Mtunza makaburi alimletea kiti na maji ya kunywa.

Mwezi uliopita Bibi alimwita Shangazi, akamwambia maneno mawili matatu ambayo hakuna anayetaka kutuambia. Shangazi akaenda kwa muuza vyombo vikuukuu, akatafuta mpaka akapata kodiani nyingine, akaibeba kifuani kama mtoto mwenye homa, akapanda ngazi za Mzee Tanuri. Alikuwa na hotuba. Mlango ulipofunguka hotuba ikayeyuka.

"Mzee wangu, sina uso."

"Unao, nauona. Ingia."

Akaingia, akaangua kilio. "Ulisimama pale ukaona. Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Fungueni nichukue changu? Watu wanalia, mimi nadai kinanda?" Akamvutia kiti. "Nilikasirika, sikudanganyi. Lakini si kwa ajili ya kodiani. Ulinishika bega ukanifariji kama mtu aliyepita njia. Mimi na baba yako tulilala kitanda kimoja, tukala sahani moja, nikamshika mkono siku ulipozaliwa wewe. Na nyumba nzima ilinijua kwa kuazima."

Shangazi akapiga magoti. Akaisogeza kodiani mbele yake.

Mzee akaikunjua taratibu, akaisikiliza. "Inapumua," akasema. "Nitaipokea. Ila wiki za baba yako nitaileta kwenu, siwezi kumdhulumu maiti." Kisha akauliza, "Sasa nani ataipiga?"

Shangazi alirudi na swali hilo sebuleni, akatuuliza sote tulivyokaa. Tukatazamana kama wezi waliowashiwa taa. Watoto wanne, wajukuu wa kujaza basi. Kila mmoja anazijua nyimbo za kwenu kwa masikio, na hakuna hata kidole kimoja kinachozijua. Si kwamba hukutaka kutufundisha. "Njoo nikuonyeshe," ulikuwa ukisema, nasi tukasema kesho, Babu, kesho. Kesho zetu zilikuwa nyingi. Zako zikaisha.

Mwishowe Shangazi akanyoosha mkono kama mwanafunzi asiyejua jibu ila amechoshwa na kimya cha darasa.

Sasa anafundishwa, na mwalimu wake hana huruma. "Vuta! Unapiga kodiani au unafungua kabati lililokwama?" Majirani wanavumilia. Jumamosi tutakapokuja kaburini Shangazi atakupigia wimbo mmoja, polepole, na atakosea. Mzee Tanuri ameapa kumkatiza kila akikosea, kwa hiyo tutakaa sana.

Tusamehe, Babu. Na kwa kuwa tangazo hili la kumbukumbu linasomwa na watu, tuliseme mbele yao. Mwaka jana, kwenye tangazo la kifo chako, tuliwataja mpaka mabinamu ambao hukuwahi kuwatia machoni, na Mzee Tanuri tukamfungia ndani ya maneno "na marafiki wengine wengi". Kosa hilo hatuwezi kulizika. Tunalisahihisha hapa.

Unakumbukwa na mke wako mpenzi; na ndugu yako, Mzee Tanuri, baba mdogo wa watoto wako wote; na binti yako mkubwa na mumewe; na wanao watatu wengine; na wakwe, na wajukuu wote walioahidi kesho.

Hatutakusahau, leo wala siku yoyote.