Kigugumizi si Kukataa

Jumamosi. Mbinga iliamka na manyunyu, jua likatoka wageni walipokuwa wakiwasili. Sasa ni jioni, miguu inaniuma, na moyo wangu umetulia.

Leo tumepokea posa ya Bertha, binti wa mdogo wangu Gaspari, mkulima wa kahawa kule Ukata. Wakwe wametoka Chiwanda, ziwani, kwa gari la kukodi.

Gaspari ana kigugumizi tangu utotoni. Watu hudhani hajui la kusema. Analijua vizuri, neno ndilo hukwama. Akiishiwa sukari, mara nyingine hurudi kutoka dukani na chumvi, kwa kuwa jina la chumvi hutoka kwa urahisi. Nyumbani kwake chumvi haijawahi kukosekana. Kwenye kwaya, kwa upande mwingine, huimba bila kukwama.

Kwa desturi, mimi shangazi ningeweza kumjibia, na nilikuwa nimeandaa maneno. Juzi alinikatalia. Binti ni wake, atajibu mwenyewe.

Niliogopa.

Mshenga alipouliza kama baba amewapokea, Gaspari alifungua kinywa, na hakuna kilichotoka. Kwetu, baba anayenyamaza mbele ya posa amekataa. Mshenga alilijua hilo. Aliomba radhi kwa kosa asilolifahamu, akachukua kofia yake, akawaashiria wenzake watoke nje wakashauriane. Nyuma ya pazia la chumbani, Bertha alikuwa akisikia kila kitu.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Gaspari akaniinulia kiganja.

Nikanyamaza. Sijui kazi iliyo ngumu kuliko hiyo.

"Ka-ka-kaeni," akasema. "Si-sikatai. Maneno yangu hu... huchelewa. Ngojeni."

Wakakaa. Shingo yake ilikakamaa, macho akayafumba, lakini jibu likafika lote: amewapokea, na Bertha ni mtoto wao pia. Hakuna aliyemmalizia neno.

"Usijali, baba," mshenga akamjibu. "Sisi tunatega nyavu jioni, tunazitoa asubuhi. Kungoja ndiyo kazi yetu."

Gaspari alicheka kabla yetu sote. Wakati wa chakula akamsimulia mkwe wake habari ndefu ya miche ya kahawa, akikwama na kuendelea, akikwama na kuendelea. Sijawahi kumsikia akizungumza hivyo mbele ya wageni.

Wageni walipoondoka aliniambia kwamba kukwama hakumchoshi sana. Kinachomchosha ni mtu kumpa neno: hulazimika kulipokea hata kama si lile alilokuwa akilitafuta. Nimeishi naye miaka yote hii, na leo ndipo nimelielewa.

Siku ya harusi baba hutoa nasaha kwa maharusi. Gaspari amesema atazitoa yeye, na nimemwambia achukue muda anaoutaka.

Pilau ikipoa, tutaila hivyo hivyo.