Shangazi Hakumpofusha Baba

Salalah, Oman

Kwa kaka yangu mpendwa Mwakio,

Nakusalimu kama mkubwa wangu, nikitumai umeamka salama wewe, shemeji na watoto. Mama anaendeleaje na mgongo? Baridi ya Werugha imempunguzia siku hizi ama bado inamtesa? Mimi nipo. Nakula, nalala, nashona. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikifika mahali usipopapenda unasema mtandao ni mbaya, unakata. Barua hii anakuletea Rukia, yule dada wa Voi ninayeishi naye chumba kimoja, anayekuja likizo. Tafadhali isome mpaka mwisho.

Mambo yalianzia kazini. Nilikuwa nagonga bega la kushoto mlangoni kila mara, nikidhani ni uchovu. Uzi nilikuwa naupitisha kwenye sindano bila shida, kwa hivyo macho hata sikuyawazia. Halafu siku moja Rukia aliniwekea chai upande wa kushoto, nikaipiga kiwiko, ikamwagikia buibui la mteja. Msimamizi alifoka. Rukia hakufoka. Aliniambia nifunike jicho la kulia na nitazame mbele tu.

"Naleta mkono kutoka kushoto," akasema. "Niambie ukiuona."

Nilingoja, nikachoka. "Mbona huanzi?"

"Mkono uko karibu na shavu lako, shoga yangu."

Kesho yake alinipeleka kwa daktari wa macho, na yeye ndiye aliyenitafsiria Kiarabu. Daktari alieleza kwamba ndani ya jicho kuna maji, siyo machozi, mengine kabisa. Yanatengenezwa wakati wote na yanatoka kupitia vijitundu vidogo. Vikiziba, maji yanajaa, presha inapanda, inauponda mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Huo mshipa unakufa kidogo kidogo, na kuona kunaanza kupotea pembeni. Katikati hubaki pazuri kwa muda mrefu, ndiyo maana mtu anaweza kusoma na kushona huku anapofuka. Ugonjwa huu, presha ya macho, hauumi hata kidogo. Kilichokufa hakirudi, lakini kilichobaki kinalindwa kwa dawa ya matone, kila siku, bila kuruka.

Kisha akauliza, "Kwenu nani alipofuka?"

Kaka, unajua nilimfikiria nani. Baba alikuwa akigonga mwimo wa mlango, akitugombeza kwamba tumehamisha kigoda. Alianguka kutoka kwenye ukingo wa shamba, na Jumapili yake akasoma kitabu cha nyimbo kanisani vizuri kabisa. Mpaka giza likamfunika kote. Na sisi tukasema ni Shangazi Mshai, dada yake wa tumbo moja, eti amemfunga macho kwa sababu ya ule mgogoro wa shamba la bondeni. Siku ya mazishi ya Baba ulimzuia Shangazi hata kutupa udongo kaburini.

Nilimuuliza daktari kama Baba alikuwa na ugonjwa huu. Akajibu, "Sikumpima, siwezi kuapa. Lakini unatembea kwenye ukoo. Ndugu zako wapimwe."

Nilipokupigia kukueleza, ulisema, "Huyo Mshai amekufikia hata ng'ambo. Wacha hayo matone, rudi nyumbani, kuna mtu wa kukuosha uchawi huo." Sasa sikiliza jibu langu, maana siku ile ulikata simu kabla sijalitoa. Sirudi. Matone siachi. Kuoshwa sitaoshwa na mtu yeyote. Mkiniombea nitashukuru sana, na nitaitikia amina nikiwa na chupa ya dawa mkononi. Msimamizi naye alisema mwenye jicho bovu arudi kwao. Nilimwambia anipe kazi ngumu kuliko zote. Akanipa nakshi za kola. Nilizimaliza, akazigeuza upande wa nyuma akitafuta kosa, na hajazungumza tena habari ya mimi kurudi.

Halafu nilimpigia Shangazi. Nikamweleza yote, nikifikiri atanikatia simu.

"Wakesho," akasema, "mama yetu, bibi yako, alipofuka hivyo hivyo. Aligonga milango kwanza. Nilimwambia baba yako aende hospitali mapema, akasema namtakia mabaya."

"Mbona hukusema kwenye matanga?"

"Nani angenisikiliza? Kakako alikuwa amesimama mlangoni."

Sasa nakuja kwako. Juzi ulinichekesha ukisema kioo cha kushoto cha pikapu yako kimevunjwa tena na nguzo. Mama naye aliniambia ulimparuza ng'ombe wa jirani kwenye kona, ukaapa hakuwepo. Mwakio, ng'ombe mzima. Unateremsha kabichi mpaka Voi kwa barabara ile ya kona, na wakati mwingine watoto wako wamekaa mbele. Usiniambie unaona vizuri. Hata mimi nilikuwa naona tundu la sindano. Labda huna chochote, na nitafurahi kuchekwa. Lakini utapimwa.

Na mambo mengine usikubali nyumbani kwetu. Asali au maji ya majani yasitiwe kwenye jicho la mtu. Dawa ya macho ya jirani isiazimwe. Ule weupe kwenye mboni ya Mama unaonekana kama mtoto wa jicho, ambao ni ugonjwa mwingine. Huo hutolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Mchukue yeye pia apimwe.

Nimeshapanga na Shangazi. Naye ni wa damu ile ile, lazima apimwe. Jumatatu ukiteremka Voi atakuwa amesimama kando ya barabara, karibu na kanisa, amevaa leso yake ya bluu. Utasimamisha gari, utamfungulia mlango wa mbele, na mtaingia kliniki ya macho pamoja. Mama anajua, kwa hivyo usipite ukisema hukumwona. Ukisema hivyo, itakuwa sababu nyingine ya kupimwa.

Nisalimie Mama, mwambie nakula vizuri. Nisalimie shemeji, aliyenitumia picha ya ndama, na watoto wako wote. Mchungaji pia, na jirani mwenye ng'ombe, umwombe radhi. Salamu za Shangazi sikupi uzibebe, mimi na yeye tumeshaongea. Mpelekee zako.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na nisiyekuogopa,

Wakesho