Nyusi Zilizomkatalia Mama Mkwe

Shoga usinipigie, nimejifungia bafuni. Soma tu.

Si nilipaka nywele rangi ya asali? Nyusi zikabaki nyeusi tii, kama nimeziazima kwa mtu. Nikazipaka ile dawa iliyobaki ya kupaushia nywele. Kidogo tu.

Halafu wewe ukapiga na umbea wa bosi wako. Nikakolea. Dawa nikaisahau usoni.

Nyusi zimepauka hadi hazionekani. Nafanana na yai.

Mara hodi. Mama mkwe.

Nikachora nyingine kwa wanja, haraka haraka. Moja ikakaa vizuri. Ya pili ikapanda juu, ikabaki huko huko.

Mama akaketi, akaanza kunisimulia goti lake linavyomtesa. Akanitazama. Akakatiza. “Mbona waniangalia hivyo, mwanangu? Huniamini?”

Nikamjibu, “Nakuamini, mama.”

Akaendelea kidogo, akakatiza tena. “Huniamini.”

Mwishowe sauti ikamshuka. “Haya, daktari alisema hakuna ugonjwa, ni uzee tu. Lakini linauma kweli.” Machozi yakamlengalenga. Shoga, mtu mzima anajitetea mbele ya wanja.

Nikalia na mimi. Akanivuta karibu, akanifuta jicho moja kwa ncha ya mtandio wake, kwa upendo kabisa. Akautazama mtandio. Akanitazama mimi.

Ndipo nikakimbilia huku kwenye kioo.

Amefuta ile iliyokaa vizuri, shoga. Iliyobaki ni ile isiyomwamini.